Pakiti Mbili za Kijani

Simu iliyomwogofya Su-ching kuliko zote maishani mwake ilianza kwa kicheko na shukrani. Lakini kabla ya simu ile, ni vizuri kuijua pakiti.

Ofisi ya Mzee Fan ilikuwa ghorofani, juu ya duka la uji wa samaki, mjini Tainan. Kwenye kona, ndani ya kabati la vioo lenye feni, ilikaa mashine kuu, kompyuta iliyotunza kazi yote ya ofisi, na juu ya mashine ilikaa pakiti ya kijani ya vitafunwa vya mahindi, vile vya nazi ambavyo watoto hununua wakitoka shule. Hakuna aliyeisahau pale. Mtu yeyote wa kazi hii anajua kwamba mashine isiyo na pakiti yake hununa, na ikishanuna hakuna wa kuibembeleza. Pakiti sharti iwe ya kijani, rangi ya taa ya mashine yenye afya. Ya manjano au nyekundu ni kujitakia makubwa. Na sharti tarehe yake isiwe imepita, maana pakiti iliyochacha ni sawa na mlinzi aliyelala.

Kwa Mzee Fan pakiti ilikuwa na kazi nyingine pia. Waandishi wa programu wote wa ofisi ile walitumia hifadhidata moja, ndani ya mashine ile moja. Aliyetaka kubadilisha kitu humo, kuongeza safu au kuhamisha habari, aliandika mabadiliko yake kwenye faili, akalipa faili nambari inayofuata, kisha akaiagiza mashine ilitekeleze. Mashine nayo ilikumbuka kila nambari iliyokwisha kufanyika ili isirudie kazi. Basi ili watu wawili wasichukue nambari moja, Mzee Fan aliweka sheria: kwanza chukua pakiti juu ya mashine, uiweke mezani kwako. Ukikuta haipo, ngoja. Ukimaliza, irudishe.

"Pakiti ndiyo zamu," alikuwa akisema. "Asiye na pakiti hana mikono."

Wageni waliisikia sheria hiyo wakacheka. Lakini miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumkanyaga mwenzake.

Na kilichohifadhiwa ndani ya mashine hakikuwa kitu cha mchezo. Majiko makubwa yaliyopikia shule za msingi za mji yaliitegemea kujua ni mtoto gani ana mzio wa nini. Mashine ikisema mtoto fulani hali karanga, jiko lilitoa lebo, na chakula chake kikaenda ndani ya sanduku lake peke yake, lenye picha ya chura. Ukutani mwa ofisi palibandikwa picha ya msichana mmoja, Yun-an, asiye na meno mawili ya mbele, amekumbatia sanduku lake la chura kama mtu aliyeshinda zawadi. Mama yake ndiye aliyeituma. Kabla ya masanduku kuanza, Yun-an alipewa biskuti ya karanga na rafiki yake kwa wema tu, akabebwa kutoka darasani midomo imekuwa ya buluu. Watu wa ofisini hawakuwahi kumwona, lakini kila asubuhi walipita mbele yake wakienda kuchemsha chai.

Wiki ile, wiki ya kuzuru makaburi, Su-ching, mmoja wa waandishi wa programu, alikuwa na kazi kubwa. Zamani mizio yote ya mtoto iliandikwa mahali pamoja, karanga na yai na kamba vimechanganywa kama nguo za nyumba nzima ndani ya sanduku moja. Su-ching alikuwa akizitengea droo, kila mzio na droo yake. Faili lake la 41 lilikwisha kuzitengeneza droo. Faili la 42 lingehamisha nguo kutoka sanduku la zamani na kuzipanga humo. Kisha programu mpya ingeanza kusoma kwenye droo, na jiko lingepata lebo zilizo wazi zaidi. Alikuwa amelijaribu faili lake kwenye kompyuta yake, akalijaribu tena. Su-ching hakuwa mtu wa pupa.

Jioni ya Jumatano, Shangazi Hsiu, mhasibu, ambaye hufuta vumbi la mashine kwa kitambaa alichokileta kutoka kwake, alisema kwa sauti, "Jamani, pakiti hiyo inaisha tarehe kesho. Asije mtu akasema sikusema."

Su-ching alilibeba neno hilo moyoni. Asubuhi ya Alhamisi alipita dukani, akanunua pakiti mpya. Alipofika ofisini alikuwa wa kwanza. Juu ya mashine hapakuwa na kitu.

Shangazi ameshaitoa ile ya zamani, alifikiri, akafurahi kwamba ameiwahi mashine kabla haijakaa bila mlinzi. Akaweka pakiti mpya, akaunganisha viganja kidogo kama afanyavyo kila mtu. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kungojwa, akaichukua, akaiweka mezani kwake karibu na kikombe. Akatazama kwenye kompyuta rafu ya mafaili, ambako kila mmoja huweka lake. La mwisho lilikuwa la 41. Akalipa lake 42, akaiagiza mashine. Mashine ikajibu kwa mstari wa kijani: sawa. Su-ching akashusha pumzi, akaiwasha programu mpya, akaenda kuchemsha chai.

Simu ililia saa nne na ushei.

"Dada Su-ching!" Alikuwa Teng, wa jiko kuu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. "Leo mmetupa likizo!"

"Likizo gani tena, kaka?"

"Hakuna sanduku la chura hata moja! Mashine ya lebo imekaa kimya kama bibi harusi. Nikawaambia wenzangu, leo watoto wote wa Tainan wamepona. Nikasema ngoja nimpigie huyu mdogo wangu nimshukuru, maana nyie watu hampigiwi ila kwa kulalamikiwa."

Su-ching alicheka nusu. Kisha akavuta kompyuta karibu.

"Hata moja?"

"Hata la dawa."

"Kaka Teng, chakula kiko wapi?"

"Kiko njiani, magari yameondoka zamani. Leo ni zile chapati laini za kuviringisha, si unajua wiki ya makaburi haipiti bila hizo. Mna mboga, nyama, yai, na ule unga wa karanga wenye sukari..."

Sauti ya Teng ikafifia yenyewe.

"Dada," alisema Teng polepole, "si kweli kwamba wamepona, eh?"

Vidole vya Su-ching vilikuwa vimeshaanza kutafuta. Alifungua droo ya karanga. Tupu. Droo ya yai. Tupu. Kamba, maziwa, ngano, zote tupu, safi kama siku alipozitengeneza.

"Hawajapona," alisema. "Kaka, hawajapona hata mmoja."

"Nawasha moto," alisema Teng. Hakuuliza kosa la nani. "Napika masanduku upya sasa hivi. Lakini mdogo wangu, gari halipai. Hao wa shule za mbali nyie ndio muwawahi." Akakata.

Meza iliyokuwa mbele ya Su-ching ilikuwa ya Bo-kai, kijana mwenye utani, ambaye wakati huo alikuwa anamalizia mkate wake wa mvuke.

"Bo-kai. Kuna mtu kagusa nambari 42?"

"Mimi, jana jioni, ulipokwenda kumchukua mama hospitali. Nimeingiza zile shule mpya. Faili bado liko kwangu, nilitaka nilikague kwanza ndipo niliweke rafuni." Alimtazama usoni, akaacha kutafuna. "Kwani vipi, dada? Umekuwa mweupe kama tofu."

"Nambari 42 ni yangu."

"Haiwezekani. Pakiti ninayo mimi." Akavuta mtoto wa meza, akatoa pakiti ya kijani. "Hii hapa. Niliificha humu kwa sababu ya sisimizi."

Su-ching alinyoosha kidole, pale karibu na kikombe chake.

Pakiti mbili. Zilitazamana kutoka meza hii hadi ile, kijani kwa kijani. Mara moja alielewa kila kitu, kama mtu anayeona kikombe kinaanguka na hawezi kukidaka. Mashine ilikuwa imekwisha kulifanya faili la 42 la Bo-kai. Lake lilipokuja na nambari ileile, mashine ilisema moyoni mwake, hili nimeshalifanya, ikaliruka, ikajibu sawa. Nguo hazikuhamishwa. Na jiko asubuhi nzima limekuwa likifungua droo tupu.

"Nani kaleta ya pili?" aliuliza Shangazi Hsiu, kitambaa mkononi.

"Mimi," alisema Su-ching. "Nilidhani umeitoa ile ya zamani."

"Mama yangu wee," alisema Shangazi Hsiu. Kisha akaona macho ya Su-ching, akaenda kusimama nyuma yake, karibu kabisa, kama mtu anavyosimama nyuma ya mgonjwa asije akaanguka.

Bo-kai alikuwa ameshaurukia ubao wa herufi. "Nalipa lako nambari 43, naliendesha sasa hivi, dakika moja tu..."

"Ngoja, mimi ndiye ninayelijua!" Su-ching naye akaurukia wake.

"Ondoeni mikono!"

Mzee Fan alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake, miwani juu ya paji la uso. Si mtu wa kupaza sauti, na ndiyo maana wote waliganda. Alikuja taratibu, akachukua pakiti zote mbili. Ile ya zamani akaichana, akaimwaga ndani ya bakuli la Shangazi, ikabaki karatasi tu. Ile mpya akaitia mkononi mwa Su-ching, akavikunja vidole vyake juu yake.

"Pakiti ni moja," alisema. "Na ni yako. Hakuna atakayebadilisha kitu mpaka wewe useme. Mashine haimlishi mtoto sasa hivi, chakula kimeshatoka. Tunataka majina na simu. Sanduku la zamani lipo?"

"Lipo. Sikulifuta."

"Umefanya vyema."

Ni yeye mwenyewe aliyewafundisha hivyo, kwamba usitupe mbachao kwa msala upitao. Su-ching akaliita sanduku la zamani, na majina ya watoto yakashuka kwenye karatasi, na machozi yake yakashuka pamoja nayo.

"Mzee, kosa ni langu."

"Kosa halikimbii," alisema Mzee Fan, akimsogezea kiti. "Chakula ndicho kinachokimbia. Kaa. Piga simu."

Wakagawana shule. Chumba kikajaa sauti. "Muuguzi wa shule, tafadhali." "Chapati, ndiyo, chapati zote, wasiguse." "Hapana, mama, si sumu, ni karanga." "Msomee majina, msomee polepole." Shangazi Hsiu, ambaye kazi yake ni hesabu, alishika simu mbili, moja kila sikio. Mwalimu mkuu mmoja aliwafokea mpaka Bo-kai akaishika simu mbali na kichwa, na hata hivyo akaendelea kusema, "Ndiyo, mwalimu, una haki, jina la tatu ni hili." Kila shule iliyojibu, Mzee Fan aliipiga mstari. Kila mstari ulipopigwa Su-ching alihisi jiwe moja limetoka kifuani, na alikuwa na gari zima la mawe humo.

Mwisho ikabaki shule moja, na kwenye karatasi ilikuwa na jina moja tu. Ng'ambo ya mfereji. Simu iliita, ikaita, ikakatika. Wakapiga ya muuguzi. Ikaita. Wakapiga ya mlinzi.

"Wanafanya nini watu hawa?" alisema Bo-kai.

Mbali, kupitia dirishani, ulisikika mlio wa fataki, kama mtu anakaanga mahindi ndani ya sufuria kubwa kama mji.

"Msafara wa hekalu," alisema Shangazi Hsiu. "Leo machela yenye sanamu ya mungu yanapita shuleni pale, yanasimama getini kuwabariki watoto. Wote wako nje. Kwa fataki zile hata ukiwapigia tarumbeta hawasikii."

Hakuna aliyetazama ukutani, na wote walijua ni shule ya nani. Yun-an alikuwa anacheka kule ukutani na sanduku lake la chura.

"Pikipiki," alisema Su-ching.

"Twende," alisema Bo-kai. Alishaichukua kofia yake. Ya pili akamvika Su-ching mwenyewe, akaifunga chini ya kidevu, maana dada alikuwa bado ameing'ang'ania karatasi ya majina.

Njiani hawakusema. Jua la Aprili lilikuwa limekaa juu ya vichwa, na hewa ilinuka baruti na udi. Su-ching alishika karatasi ya majina kwa mkono mmoja na koti la Bo-kai kwa mkono wa pili, na ndani ya kichwa chake midomo ya buluu ilikuja, ikaondoka, ikarudi. Alikuwa hajawahi kuiona. Alikuwa amesimuliwa tu. Lakini hofu haihitaji kuona. Hujichorea yenyewe, na huchora vizuri kuliko jicho.

Kwenye daraja la mfereji barabara ilikuwa imejaa watu wa msafara, uliokwisha kuibariki shule na sasa unarudi. Machela yalikuwa yanayumba mabegani mwa vijana, ngoma zinagongwa, fataki zimetandikwa kama mkeka mwekundu unaowaka. Pikipiki zilisimama kwa safu. Mtu hakatizi mbele ya machela, ni utovu wa adabu mkubwa, na Bo-kai aliyekulia mji ule alisimamisha bila hata kufikiri.

"Kata tu!" alisema Su-ching.

"Dada, mbele ya mungu?"

"Bo-kai!"

Alishuka mwenyewe. Akapenya kati ya watu mpaka kwa mzee mmoja aliyevaa fulana ya manjano, mwenye filimbi, aliyekuwa akiwaongoza wabebaji. Alijaribu kusema, fataki zikala maneno yake. Akaishika karatasi mbele ya uso wa mzee, akaonyesha shule kule mbele, akaonyesha koo lake mwenyewe, akalishika kwa mikono miwili.

Mzee yule alimtazama. Hakuijua hifadhidata wala lebo, wala hakuwa na nafasi ya kuelezwa. Aliona mwanamke anayelia na neno "shule". Akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote, akanyanyua mkono, na machela yakasimama yakiyumba. Vijana wakapiga kelele, "Vipi tena, babu?" Mmoja akasema, "Mungu mwenyewe kawashiwa taa nyekundu leo!" Babu akawakaripia, akawapungia Bo-kai na Su-ching: piteni, piteni. Su-ching alipopita aliinamisha kichwa kwa machela, na moyoni hakujua anaomba radhi au anaomba msaada.

Getini pa shule mlinzi alikuwa juu ya kiti anapiga picha kwa simu yake, ileile waliyokuwa wakiipigia. Hawakumsubiri. Walimu waliokuwa nje walikuwa wanaanza kurudi, na kutoka madarasani ilikuja harufu ambayo siku nyingine Su-ching angeipenda: nyama, giligilani, na karanga zilizokaangwa.

"Darasa la tatu! Darasa la tatu liko wapi?"

Mtoto mmoja akaonyesha juu. Su-ching alipanda ngazi bila kuzihisi. Sauti za "Karibuni, tuanze!" zilitoka mlango baada ya mlango, sauti za watoto wanaoagizwa kula pamoja, na kila moja ilikuwa kama kofi.

Alimtambua mara moja. Meno ya mbele yalikuwa yameshaota, lakini alikuwa ni yuleyule wa ukutani. Yun-an alikaa dirishani, na mbele yake, kwenye kitambaa alichokitandika vizuri, palikuwa na chapati iliyoviringishwa.

Ilikuwa imeumwa.

Su-ching hakukumbuka baadaye alivyoruka zile meza. Alijikuta amepiga magoti, ameinyakua chapati, ameushika uso wa mtoto. "Umemeza? Mwanangu, umemeza? Fungua mdomo!" Mwalimu, mwanamke kijana, alikuja mbio. "Wewe nani? Unafanya nini?" Bo-kai, aliyekuwa mlangoni hana pumzi, alisema maneno mawili tu, "Karanga, mwalimu," na mwalimu akageuka rangi, akalikimbilia kabati lenye sindano ya dharura.

"Leo hakukuja sanduku," alisema mwalimu huku mikono inapekua. "Nikapiga jikoni, simu haipatikani. Kwenye orodha ya leo mashine imeandika hana mzio, nikadhani hospitali wamempima upya... Yun-an, kifua kinabana? Sema na mimi!"

Yun-an hakuweza kusema. Alikuwa ameanza kulia, kilio cha kwikwi kinachomkata mtoto maneno. Su-ching alimtazama midomo. Ilikuwa myekundu. Akaitazama tena, akingoja ibadilike, na katika kungoja kule alizeeka.

"Hajauma yeye," ilisema sauti ndogo.

Wote wakageuka. Alikuwa msichana wa kiti cha jirani, shavu limejaa, unga mweupe kidevuni.

"Nini, Hsin-ju?" aliuliza mwalimu.

"Nimeuma mimi." Akameza kwa shida. "Yake ilikuwa nene kuliko yangu. Na yeye alikuwa haili. Alikuwa anaitazama tu. Nikamwambia kama huli nikusaidie, akasema ngoja, nataka kuiangalia kwanza."

Mwalimu alikaa chini palepale sakafuni, sindano mkononi. Bo-kai aliegemea mlango akafunika uso. Su-ching aliichukua mikono ya Yun-an, akaifuta kwa maji, kidole kwa kidole, na midomo, na tena vidole. Hakuwa akiamini bado. Mikono yake iliamini polepole kuliko masikio.

Yun-an alipopata pumzi aliuliza, "Kwani sijapona?"

"Hujapona, mwanangu."

"Hata kidogo? Mwalimu alisema leo nile kama wenzangu."

Hapo ndipo Su-ching alipoelewa mtoto alikuwa analilia nini. Alikuwa amejiandaa kwa vita na midomo ya buluu, hakujiandaa kwa hili. "Hata kidogo," alisema. "Tulikosea. Mashine ilisema uongo, na mimi ndiye niliyeiacha iseme."

Yun-an alifikiri, kwikwi bado zinamtikisa. "Kesho chura atarudi?"

"Atarudi."

"Basi sawa," alisema, lakini aliitazama chapati, ambayo Bo-kai alikuwa ameichukua kwenda kuitupa, mpaka ilipotoka mlangoni.

Hsin-ju alikuwa ameisukuma chapati yake pembeni. Hakuna aliyemwambia. Alikwenda kunawa mikono na mdomo, akarudi, akamega tikiti lake nusu kwa nusu, akamwekea rafiki yake nusu kubwa. Mwalimu alitoa mkobani chakula alichojipikia nyumbani, wali na yai na mboga, akakifikisha mbele ya Yun-an, na yeye mwenyewe mchana ule akanywa maji.

Simu ya Su-ching ikatetemeka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu na kidevu.

"Vipi?" Ilikuwa sauti ya Mzee Fan.

Su-ching aligeuka kumtazama Yun-an.

"Anakula wali," alisema.

Kule ofisini kitu kilianguka, labda kikombe, na Shangazi Hsiu akaanza kulia kwa sauti kama wa msibani. Mzee Fan alikohoa mara kadhaa.

"Teng ameniambia masanduku yako tayari, gari liko njiani," alisema. "Sasa, Su-ching, nikuulize. Zile droo bado tupu, na kesho kuna chakula cha mchana. Tumekaa hapa wote, mikono mapajani. Hakuna anayegusa kitu. Pakiti iko wapi?"

Su-ching alijitazama. Mfuko wa koti lake ulikuwa umevimba. Alitia mkono, akaitoa. Ilikuwa imepondeka, imepasuka pembeni, imekuja naye njia nzima, imepita mbele ya machela, imepanda ngazi. Hakukumbuka kuichukua.

"Ninayo mimi, mzee."

"Basi rudini taratibu," alisema Mzee Fan. "Mwambie Bo-kai asikimbize pikipiki. Tunakungoja."